Mgonjwa wa Sasa

Jina nililipa mimi mwenyewe, miaka sita iliyopita,
Februari kama hii, theluji ya Tartu imepanda hadi vizingitini:
mgonjwa_wa_sasa.
Nikalitia ndani ya kikao, nikamaliza kahawa, nikaenda kulala.
Nilidhani sasa ni moja.

Leo saa tatu na dakika kumi asubuhi
Maimu wa mapokezi, kliniki ya wanyama ya kando ya mto,
alifungua faili la Tibu, paka wa mzee Heldur,
aliyeletwa ndani ya kikapu cha mkate, amefungwa skafu.
Kilo tatu na robo. Kikohozi.
Hajamaliza, simu ikalia:
Polla yuko njiani, mbwa, kilo sitini na moja, mguu umevunjika.
Maimu akafungua kichupo cha pili.
Angefanyaje? Simu haina subira.
Kisha akarudi kichupo cha kwanza,
na Tibu alikuwa palepale kwenye kioo,
jina lake, umri wake, kikohozi chake,
akabonyeza: Andaa dozi.

Kioo hakikusema uongo. Kilikuwa kimelala tu.
Seva ndiyo iliyokiuliza kikao, mgonjwa wa sasa ni nani?
Na kikao, kitiifu kama karani asiyeinua macho,
kikajibu: Polla.

Mshika mbili, wanasema, moja humponyoka.
Huyu wangu hakuwahi kushika mbili.
Alishika moja, na kila aliyefika
alimkuta kiganja kimekwisha kufunguka.
Vichupo viwili, kikao kimoja:
viti viwili vimechorwa ukutani, cha kukalia kimoja,
na ajaye mwisho anamkalia mwenzake mapajani
bila hata hodi.

Lebo ikatoka kwenye printa,
jina la paka, kipimo cha mbwa.

Daktari Urve akainua bomba la sindano kwenye mwanga wa dirisha.
"Maimu," akauliza polepole, "hii ni ya farasi wa nani?"

Hivyo ndivyo Tibu alivyopona.
Si kwa msimbo wangu.

Waliponipigia sikuomba radhi vizuri.
Nilisema, "Nitaangalia," kwa sauti ya mtu
anayejua tayari atakachokikuta.
Mstari wa mia mbili na nane. Herufi zangu kwenye maelezo ya pembeni:
R.K., na neno moja, muda.
Muda! Miaka sita.
Vya muda ndivyo vinavyotuzika.

Sasa namfundisha seva adabu mpya.
Kila fomu ije na namba ya mgonjwa wake mkononi,
na seva isiiamini kwa sababu tu imeletwa:
iulize, huyu aliyeingia ana ruhusa na mnyama huyu?
Uzito utoke kwenye faili la namba hiyohiyo, si kwingineko.
Kikao nimekiachia jambo moja la kukumbuka, nani ameingia.
Wakitoka wote, hilo nalo lifutwe.
Mengine si yake.

Tarvo ameketi nyuma yangu na soksi zake za sufu,
anafungua vichupo viwili, vitatu, vitano,
anavirukia kama mtoto kwenye madimbwi,
paka, mbwa, paka, sungura,
anajaribu kunikosesha.
"Bado," ananiambia. Bado hajafaulu.

Lakini nimelitafuta lile jina programu nzima
na limejibu kutoka mahali arobaini na moja:
kwenye risiti, kwenye ratiba ya chanjo,
kwenye barua tunayowapelekea watu
wanyama wao wakifa.
Hapo nilisita. Nikafikiria barua ngapi
zilikwenda nyumba isiyo yake,
na nani aliyezifungua, na kama alicheka au alikimbilia uani kuita.

Nje giza limeingia, saa kumi tu jioni.
Mzee Heldur amepiga simu kliniki kusema Tibu amekula.
Nimefika mahali pa kumi na saba.